Maana ya "mafuriko ya miaka 100"
Makala inasema nyumba iliyo katika eneo la "mafuriko ya miaka 100" kwenye ramani za FEMA, shirika la Marekani la kukabiliana na maafa, hufikiwa na maji mara moja kwa karne. Sivyo. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, unaofika takriban asilimia 26 katika miaka 30 ya mkopo wa nyumba (jina lenyewe, kwa maoni yangu, linapotosha). Sisi wa Houston tulio nje ya eneo hilo, ambao sheria haitulazimishi kukata bima ya mafuriko, tuliona mwaka 2017, wakati wa kimbunga Harvey, maji yakipita soketi za umeme ukutani. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata.