Usisome uuguzi ili uikimbie wodi

Wiki mbili zilizopita binti wa dada yangu alikuja nyumbani na matokeo yake ya kidato cha nne. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B. Alinipa shikamoo akiwa bado mlangoni, akanikabidhi simu yenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kisha akasema: "Mama mdogo, nimeamua uuguzi. Ila niambie, nianze na stashahada, au niende kidato cha tano nikasome PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, nitoke na shahada moja kwa moja? Maana nasikia wa stashahada wanabaki wodini milele."

Hayo maneno ya mwisho yalinikosesha usingizi. Mtoto hajavaa sare hata siku moja, tayari anatafuta mlango wa kutokea. Wala simlaumu. Ametusikia sisi wauguzi wenyewe tukinywa chai sebuleni, tukimsifia fulani "aliyetoka" akapata ofisi, tukimhurumia fulani ambaye "bado yuko zamu". Tumemfundisha bila kujua kwamba kumhudumia mgonjwa ni ngazi ya chini, na mwenye akili hupanda akaondoka.

Nilianza kwa kumjibu swali lake kama alivyoliuliza. Njia zote mbili zinafika. Kwa kidato cha nne unahitaji ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, Fizikia, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Unasoma miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 ya mafunzo ya ufundi, unatoka na stashahada ya uuguzi na ukunga. Ukipitia kidato cha sita ni miaka miwili ya sekondari, minne ya chuo kikuu, na mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Vyovyote utakavyopita, Baraza la Uuguzi na Ukunga lazima likusajili na kukupa leseni kabla hujashika zamu. Serikalini mwenye stashahada huanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi, ngazi ya mshahara TGHS B, na mwenye shahada huanza kama Afisa Muuguzi, TGHS C.

Kwa nyumba kama yetu, yenye wadogo zake watatu nyuma yake wanaosubiri ada, ushauri wangu ulikuwa aanze na stashahada. Hesabu ni rahisi. Miaka saba anayoihitaji mwenzake kufika kazini na shahada, yeye atakuwa amesoma mitatu, na akibahatika kupata kazi mapema, atakuwa amefanya kazi mitatu au minne na amekwisha kujua anataka kusomea nini zaidi. Vyuo vikuu vinawapokea wenye stashahada waliofaulu vizuri. Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar es Salaam wana programu ya shahada iliyotengenezwa kwa ajili ya wauguzi wa aina hiyo, wanaosoma huku wakiendelea na kazi.

Hapo ningeweza kunyamaza, lakini swali lenyewe halikuwa hilo. Nikamsimulia usiku mmoja.

Nilikuwa na mwezi wa pili kazini, zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama, kondo la nyuma limetoka lote, mtoto ananyonya. Nikampima presha, 110 kwa 70. Nikaandika kwenye faili, nikaridhika. Niliyekuwa naye zamu alikuwa mama wa makamo, muuguzi wa astashahada, zaidi ya miaka 20 leba. Alipita tu akielekea kwenye beseni la kunawa. Akasimama. Akaweka mkono mmoja juu ya tumbo la yule mama, mwingine akaupitisha chini ya mgongo, kwenye kanga. Mkono ukatoka umelowa damu. "Tumbo laini," aliniambia kwa sauti ya chini, asimtishe mgonjwa. "Shika mapigo." Nikashika. Yalikuwa yakikimbia, 120 na zaidi. Presha bado ilikuwa nzuri, kwa sababu kwa mzazi kijana presha hushuka mwisho kabisa, mwili ukishachoka kujitetea. Mimi nilikuwa nimesoma hayo na kuyajibu kwenye mtihani. Yeye aliyaona akiwa njiani kwenda kunawa.

Alianza kuukanda mfuko wa uzazi kwa kiganja, mzunguko kwa mzunguko, huku akinituma: sindano ya oksitosini kwenye friji, dripu, mpira wa mkojo kwa sababu kibofu kikijaa mfuko haukazi, mwite daktari wa zamu. Daktari alipofika, tumbo lilikuwa limeanza kuwa gumu kama ndimu mbichi. Mama yule aliondoka siku tatu baadaye kwa miguu yake, na mtoto mgongoni kwa bibi.

Ninaisimulia habari hii kwa sababu ujuzi wa yule mama haukuwa na cheti chochote ukutani. Na ujuzi wa namna hiyo leo unaheshimiwa na watafiti wakubwa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wazazi zaidi ya 200,000. Kilichoongezwa ni kitandiko cha plastiki chenye alama za kupimia damu iliyopotea, badala ya kukisia kwa macho, na hatua zote za matibabu kufanywa kwa pamoja mara moja. Damu kuvuja kwa kiwango cha hatari, pamoja na madhara yake, vilipungua kwa asilimia 60. Miaka miwili baadaye yakatoka ya mpango wa Safer Births, katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, wakunga wakifundishana wenyewe. Vifo vya akina mama vilishuka kwa takriban asilimia 75, na vya watoto katika siku ya kwanza kwa asilimia 40. Nilipozisoma hizo namba nilimkumbuka yule mama na kanga iliyolowa.

Sasa turudi kwenye shahada. Mimi ninayo, na sijutii hata senti ya ada niliyolipa. Shahada ilinifundisha kusoma utafiti, kuuliza kwa nini tunafanya hivi, kusimama mbele ya daktari na hoja badala ya manung'uniko. Kinachoniuma ni wenzangu, wauguzi wazuri kabisa, wanaoomba ruhusa ya masomo na kwenda kuchukua utawala, maendeleo ya jamii au rasilimali watu, kwa sababu moja tu: kutoka. Wengine wanarudi na kukuta hakuna nafasi ya kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa kada waliyoisomea. Wanabaki kwenye zamu zile zile, na shahada kwenye bahasha ya kaki. Nimeshika zamu na watu wawili wa namna hiyo. Walikuwa na uchungu, na mgonjwa huuhisi.

Kama unataka kusoma zaidi, uuguzi wenyewe una kina kirefu. Muhimbili, pale chuo kikuu cha afya cha MUHAS, kuna shahada ya ukunga peke yake, na uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Hospitali ya KCMC kule Moshi wamefundisha wauguzi wa usingizi ambao wamefanya upasuaji wa kumtoa mtoto uwezekane katika hospitali nyingi za wilaya. Hata wanaonipigia simu kuulizia Ghuba na Uingereza ninawaambia hivyo hivyo: mwajiri wa kule hutafuta muuguzi wa kusafisha damu, wa chumba cha upasuaji, wa mahututi, mwenye miaka kadhaa kwenye kitengo hicho. Cheti kitupu hakikufikishi mbali.

Kwa hiyo binti yangu nilimgeuzia maswali. Unavumilia kukaa na mtu anayepiga kelele saa nzima bila kumkaripia? Fikiria afya ya akili, fikiria hospitali ya Mirembe. Unapenda mashine na namba? Mahututi. Mikono yako imetulia kiasi cha kumpa mtoto njiti mililita mbili za maziwa kwa mpira, kila baada ya saa mbili, usiku kucha? Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Wote walimwuliza mkopo, ajira na mshahara.

Na mshahara ni haki yake kuuliza. Hapo lawama si ya wauguzi. Muundo wetu wa utumishi unamwinua anayekaa ofisini haraka kuliko anayebobea kwa mgonjwa. Mwenzangu mmoja alisoma miaka miwili uuguzi wa wagonjwa mahututi. Aliporudi alipangwa kliniki ya wagonjwa wa nje, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na upungufu wiki ile. Yupo huko mwaka wa tatu sasa. Waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi, na nyinyi mnaopanga miundo wizarani: mtu wa namna hiyo apewe kitengo chake na posho ya ubobezi wake. Mkiendelea kumfanya kiraka, wadogo zetu wataona, na wataendelea kuchagua chuo kwa kuangalia ni kipi kitawatoa wodini haraka.

Binti bado hajajaza fomu. Dirisha la maombi liko wazi na nimemwambia asikimbilie. Jumamosi atalala kwangu. Jumapili mchana, saa za kuona wagonjwa, nitampeleka akakae na rafiki yangu wa wodi ya watoto njiti, nje ya kioo, aone mikono inavyofanya kazi pale ndani. Tukitoka hapo ndipo atanieleza anataka kuandika nini kwenye chaguo la kwanza.