Asiye na Sifa Asifiwe Vipi?

Ukigusa habari za dini ya Kihindu barazani, hukosi mtu wa kuuliza: "Hivi hawa wana miungu mingapi?" Muulizaji mwenyewe huwa keshajijibu. Kumbe swali hilo ni la zamani, na waliolianza ni Wahindu wenyewe. Katika Upanishadi (maandiko ya kale ya Kihindu) iitwayo Brihadaranyaka, Shakalya anambana mwanachuoni Yajnavalkya aseme miungu ni mingapi. Anajibiwa: 3,306. Haya, lakini hasa ni mingapi? 33. Hasa hasa? Sita. Kisha mitatu, miwili, mmoja na nusu (naam, na nusu), mwisho mmoja.

Kwa hiyo tuache kuhesabu. Kazi ipo kwa huyo mmoja, Brahman: ana sifa au hana?

Kisanskriti humwita saguna anayesemwa kuwa na sifa, na nirguna asiye nazo. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani, maana kwetu sifa ni jinsi kitu kilivyo, na papo hapo ni maneno ya kumtukuza mtu. Kihindi nacho kina mchezo huohuo: kuimba guna za mtu ni kumsifu. Sasa asiye na sifa utamsifu kwa lipi?

Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, hakulikwepa swali hilo. Kwake, Brahman kwa hakika hana sifa, na njia ya kumsema ni ile ya Upanishadi, neti neti, "si hivi, si hivi". Mungu mwenye jina, sura na huruma ni Brahman huyohuyo, ila tunamwona kupitia pazia la maya, yaani kiinimacho cha ulimwengu. Muombe, ni sawa kabisa. Ujuzi ukikomaa, pazia litaondoka.

Karne kadhaa baadaye, Ramanuja, aliyefundisha Srirangam kusini mwa India, akasema hapana. Maandiko yanaposema nirguna, yanamaanisha hana sifa mbaya, kama sisi tunavyosema mtu hana doa bila kumaanisha hana uso. Tena, akasema, kujua kitu chochote ni kukijua kikiwa na namna fulani. Kisicho na namna yoyote hakiwezi kuthibitishwa na ushahidi wowote.

Mimi hapo nampa Ramanuja. Hoja yake ina miguu. Hata kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Kihindu, sura ya 12, shujaa Arjuna anapouliza ni kina nani walio bora, wanaompenda mungu Krishna au wanaomtafakari asiyedhihirika, Krishna anasema hao wa pili nao hufika, lakini njia yao ni ngumu zaidi kwa mwenye mwili. Na nani hapa hana mwili? Mashairi ya Surdas, malenga wa Krishna, yanalisema hilo kwa kejeli: Uddhava, mjumbe wa Krishna, anapeleka falsafa ya nirguna kwa wanawake wa wafugaji wanaomlilia Krishna, nao wanamuuliza huyo Nirguna ni mwenyeji wa nchi gani, baba yake nani, mama yake nani, anapenda nini.

Bado kuna kisa kimoja kinachonizuia nisijipigie makofi. Dakshineswar, karibu na Kolkata, miaka ya 1860. Ramakrishna, kuhani wa mungu mke Kali, anafundishwa na mtawa mmoja wa njia ya Shankara, Totapuri, kuifuta kila sura akilini. Zote zinafutika, isipokuwa moja: kila akifumba macho, Kali yuko pale. Anakata tamaa. Totapuri anaokota kipande cha kioo, anamchoma nacho katikati ya nyusi na kumwambia akaze akili hapo. Ramakrishna alisimulia baadaye kwamba Kali alipotokea tena, aliushika ujuzi kama upanga na kumkata vipande viwili. Akazama siku tatu, hasemi, hatikisiki.

Alipozinduka alirudi kwa Kali wake, akaendelea kumwimbia hadi alipofariki mwaka 1886. Maji na barafu, alikuwa akisema, ni kitu kimoja: baridi ya mapenzi huyagandisha, jua la ujuzi huyayeyusha. Naye Totapuri, mtu ambaye desturi yake ilikuwa kutokaa mahali pamoja zaidi ya siku tatu, alikaa kwenye hekalu hilo la Kali miezi 11.