Vidoko vya Kisandawe na swali la lugha ya kwanza

Mjadala wa asili ya lugha ya binadamu ukifika Dodoma, hauchukui muda kuwageukia Wasandawe wa Chemba. Wapo wanaoamini kwamba vidoko vyao, zile sauti za kugonga ulimi, ni masalia ya usemi wa kwanza kabisa duniani. Naielewa hoja hiyo, ila siikubali.

Kidoko si sauti ya kubahatisha. Ncha ya ulimi hubanwa nyuma ya meno, shina la ulimi huziba kwenye kaakaa laini, hewa iliyonaswa katikati huvutwa, kisha ulimi huachia kwa ghafla. Wengi wetu tunakipiga tukisikitika tu. Msandawe hukiweka ndani ya neno, na irabu ikafuata papo hapo. Sauti hizo ni za kawaida kusini mwa Afrika, lakini hapa Tanzania zinapatikana kwa Wasandawe na kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2003 watafiti wa jenetiki, akiwemo Alec Knight, waliwalinganisha Wahadza na wasemaji wa vidoko wa kusini, wakaona walitengana zamani mno. Wakapendekeza kwamba huenda vidoko vina umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Hoja hiyo ina uzito wake.

Tatizo ni kwamba sauti husafiri. Wazulu na Waxhosa ni Wabantu kama Wagogo, na vidoko vyao walivipata kwa majirani. Hata Australia kulikuwa na Kidamin, usemi wa jandoni wenye vidoko, usio na uhusiano wowote na Afrika. Mwanaisimu Joseph Greenberg aliziweka Kisandawe, Kihadza na lugha za vidoko za kusini zisizo za Kibantu katika familia moja mwaka 1963. Leo wanaisimu wengi wanakiona Kihadza kuwa lugha isiyo na ndugu.

Halafu, hata tukivipa vidoko miaka 50,000, bado tutakuwa mbali na mwanzo. Mfupa wa koo wa Neanderthali, binadamu wa kale wa aina tofauti na yetu, uliofukuliwa Kebara, Israeli, unafanana sana na wetu. Mafuvu ya binadamu wa aina yetu ya Jebel Irhoud, Moroko, yana miaka kama 300,000. Wapo wanaosema lugha ilizuka ghafla kwa badiliko moja la ubongo. Mimi naegemea kwa wanaosema ilijengeka polepole. Pale Kisese, Kondoa, kuna shanga za ganda la yai la mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000: ganda linatobolewa, linamegwa kingo, linasuguliwa hadi liwe duara. Waliofundishana kazi hiyo, kwa maoni yangu, walikuwa wanazungumza kama sisi.

Kisandawe kimebadilika kwa muda uleule ambao Kigogo na Kirangi vimebadilika. Kukiita lugha ya kwanza ni kuwafanya wasemaji wake watu waliosimama njiani, na hilo linaniuma. Umri wa vidoko vyenyewe nauacha wazi. Vinasaba peke yake havitauamua. Yanahitajika maneno ya wazee wa Farkwa na Kwa Mtoro, yaliyorekodiwa na kulinganishwa moja moja na ya Kikhoe, kundi mojawapo la lugha za vidoko za kusini.