Basi la Usiku wa Ijumaa

Binamu yangu ni mhasibu jijini Dar es Salaam, na kwake yeye jambo huwa halijatokea mpaka liandikwe kwenye jedwali. Alipoamua kumleta mama yake, yaani shangazi yangu wa Unguja, aje kunizuru Leipzig, Ujerumani, ninakosoma, kisha sote watatu tuzunguke nchi nne za Ulaya wakati wa baridi kwa fedha ambazo wengine huzimaliza kwa nauli ya ndege peke yake, hakuanza na ramani wala na masweta. Alianza na jedwali lenye rangi tatu: kijani kwa matumizi ya lazima, njano kwa matumizi yanayojadilika, na nyekundu kwa kila kitu ambacho Shangazi angeweza kukitamani.

Uingereza ilifutwa siku ya kwanza, kwa sababu inadai viza yake yenyewe. Uswisi ingeingilika kwa viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, lakini Binamu alipotazama bei ya sahani ya chakula mjini Zurich aliifunga kompyuta akaenda kuswali. Zikabaki Ujerumani, Ucheki, Austria na Hungaria, nchi zilizo katika mstari mmoja, zinazounganishwa na mabasi ya bei nafuu. Maombi yakapelekwa ubalozi wa Ujerumani, kwa kuwa kanuni inataka viza iombwe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku nyingi zaidi zilikuwa za kulala bure kwenye sakafu ya chumba changu. Kila mmoja alitakiwa kulipa euro 90 na kukata bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Shangazi aliposomewa kiasi hicho aliuliza kwa upole kama isingekuwa na faida zaidi kuugua kidogo.

Makoti yalinunuliwa kwenye mitumba ya Karume, na hapo namsifu Binamu bila kinyongo. Koti zito la theluji halina mteja katika joto la Dar es Salaam, kwa hiyo alilipata la mama yake kwa bei ya shati. Lilikuwa na lebo ya Kijerumani, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na kipande cha tiketi ya lifti ya kupandia milima yenye theluji. Nguo hiyo ilikuwa inarudi kwao. Shangazi alipolivaa juu ya baibui na sweta mbili, akajifunga na zipu mpaka kidevuni, alionekana kama gunia la karafuu lililoshonwa tayari kupakiwa melini.

Nguzo ya bajeti nzima ilikuwa basi la usiku. Binamu alitufafanulia kwamba usiku unaolala ndani ya basi ni kitanda ambacho hukukilipia, na kwamba kutoka Prague ya Ucheki hadi Vienna ya Austria, mwendo wa saa nne au tano hivi, kuna basi linaloondoka saa sita na robo ya usiku, ambalo tiketi zake zilikuwa nafuu mno kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayependa kushushwa Vienna alfajiri ya Desemba. Maneno ya mwisho ni yangu. Tiketi zilisomeka Ijumaa, 00:15. Katika jedwali yakaandikwa kwa kijani: Alhamisi, kulala hosteli Prague, Ijumaa usiku, basi.

Tulifika Prague siku ya Jumatano, na mji ni mzuri kweli, ingawa tuliuona zaidi gizani. Katikati ya Desemba jua huzama huko karibu saa kumi za jioni, na Shangazi alikuwa hajamaliza kustaajabu kwamba alasiri imeingia kabla chakula cha mchana hakijashuka tumboni, mara ikaingia magharibi. Tangu siku ya kwanza aliacha kutazama saa ya mkononi, akawa anafuata jua, kila lilipoonekana.

Jioni ya Alhamisi, baada ya kuswali magharibi, alikaa kitandani hostelini, akatoa msahafu wake mdogo, akasoma Yasini kama asomavyo kila wiki, kisha akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga ndani ya begi.

"Mama, unakwenda wapi?" Binamu akauliza.

"Si tuna basi la usiku wa Ijumaa?"

"Ndiyo. Ijumaa ni kesho."

"Mchana wake ndio kesho, baba. Usiku wake umeshaingia. Nimekwisha kuisomea na Yasini."

Kwa msomaji wa bara asiyeizoea hesabu hii, niseme kwamba kwa watu wa pwani, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama, hivyo usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alhamisi likishatua, ulio mbele yako ni usiku wa Ijumaa. Binamu analijua hilo tangu utotoni. Lakini alimweleza mama yake, kwa sauti ile ya mtu anayemfafanulia mkaguzi risiti iliyopotea, kwamba Ulaya hawahesabu hivyo, kwamba Ijumaa yao ina asubuhi, mchana, kisha usiku, na kwamba jedwali halina shaka. Shangazi alinitazama mimi. Mimi nilitazama dirisha, kwa kuwa mtu anayeingia kati ya mama na mwanawe hutoka na lawama za pande zote mbili, na pia kwa kuwa kitanda cha usiku ule kilikuwa kimekwisha kulipiwa. Shangazi akafungua begi, akatoa kanga ya kulalia, akasema, "Haya. Wewe ndiye mwenye kompyuta."

Ijumaa tuliitumia kutazama vitu vyote visivyo na kiingilio. Usiku, mapema kuliko ilivyohitajika, tukawa tumesimama kituo cha mabasi cha Florenc, na baridi ilikuwa imefikia kiwango cha kuyafanya masikio yasiwe na habari na kichwa. Basi la Vienna likaja kwa wakati wake. Binamu alitangulia, simu mkononi, akiwa na tabasamu la mtu anayekaribia kuokoa fedha. Dereva akaipitishia tiketi mashine yake, mashine ikalia mlio usiopendeza. Akaipitisha tena. Kisha akaitazama tarehe, akamtazama Binamu, akatutazama sisi na mabegi yetu, akasema kwa Kijerumani kwamba basi letu liliondoka jana.

"Anasema nini?" Shangazi akauliza.

Nikamfasiria. Hakusema neno. Nilitamani aseme.

Binamu alijaribu kueleza kwamba tiketi inasema Ijumaa na leo ni Ijumaa, na dereva, ambaye alikuwa mvumilivu kuliko nilivyotarajia, akamwonyesha saa ya kituo: ilikuwa imekwisha kupita saa sita, kwa hiyo leo ilikuwa Jumamosi, na dakika hiyo yenye jina la Ijumaa 00:15 ilikuwa imepita tukiwa tumelala fofofo kwenye vitanda ambavyo Binamu aliviandika kwa kijani. Viti vilikuwa vimejaa, kwani Krismasi ilikuwa inakaribia na nusu ya Prague ilikuwa inakwenda kwao. Basi likafunga mlango likaenda zake.

Chumba cha hosteli tulikuwa tumekwisha kukikabidhi. Binamu alifungua kompyuta juu ya begi, vidole vikiwa vimekakamaa, akatafuta hoteli. Bei alizozikuta hazikuwa na rangi katika jedwali lake. Hapo ndipo Shangazi alipouliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika safari ile.

"Zile tiketi za tramu tulizonunua leo, si ulisema ni za saa 24?"

Tramu za Prague, yaani treni ndogo zipitazo barabarani, hazilali. Usiku hupita zenye nambari za tisini na kitu, na zote hukutana katika kituo kimoja kiitwacho Lazarská, ambapo abiria hubadilishana kisha kila tramu ikashika njia yake hadi pembezoni mwa mji. Zina viti, zina taa, na jambo kubwa kuliko yote, zina joto. Basi tukapanda. Tulipofika mwisho wa njia tulishuka tukapanda inayorudi, tukavuka mto Vltava mara nyingi kuliko watalii wanaolipia boti. Walevi walituamkia kwa heshima. Shangazi aliketi dirishani, koti limefungwa mpaka kidevuni, akagawa visheti alivyovileta kutoka Unguja. Binamu hakula. Alikuwa akifanya hesabu ya tiketi mpya akinung'unika kwamba saa za watu hawa zina matatizo, na kila aliposema hivyo mama yake alimsogezea kopo la visheti.

Asubuhi tulipata tiketi za basi la alasiri, kwa bei ambayo nimekatazwa kuitaja. Kwa kuwa tulikuwa na muda wa kupoteza, tulikwenda uwanja wa mji wa kale kuiona ile saa ya unajimu iliyo ukutani mwa jumba la halmashauri ya zamani, ambayo ilitengenezwa mwaka 1410 na mpaka leo inafanya kazi. Kila saa kamili, tangu saa tatu asubuhi hadi saa tano usiku, kiunzi cha mifupa hupiga kengele, mitume hupita madirishani, na jogoo wa dhahabu huwika. Watu hukusanyika. Kando yetu mtembezaji wa watalii alikuwa akiwaeleza wageni wake kwa Kiingereza, na maelezo ya watu wengine hayana kiingilio, kwa hiyo nikasogea.

Alisema kwamba ule mduara wa nje, mweusi wenye tarakimu za dhahabu kuanzia 1 hadi 24, unaonyesha saa za kale za Kicheki, ambazo zilihesabiwa kuanzia jua linapozama. Siku mpya ilianza magharibi, na mduara wenyewe hujisogeza mwaka mzima kulifuata jua. Akasema pia kwamba ndani yake imo mistari inayougawa mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, katika saa 12.

"Nifasirie," akasema Shangazi.

Nikafasiri. Akataka nirudie, kwa sauti, nikimwelekea mwanawe. Nikarudia. Jogoo akawika. Shangazi akaivua glovu, akanyoosha kidole juu kwenye mduara mweusi, akasema, "Watu wa hapa walikuwa wanajua. Sijui nani aliwaharibu."

Binamu hakujibu, lakini lile jambo lilimwingia, na likamwingia zaidi ya kiasi. Tulifika Vienna salama, tukalala. Basi la Budapest, Hungaria, lilikuwa la Jumatatu, 18:00. Jumapili, jua lilipotua, Binamu alianza kukunja nguo.

Nilimwuliza anakwenda wapi. Akaniambia kwamba saa kumi na mbili ni giza totoro, kwa hiyo ni usiku, na usiku wa Jumatatu umeshaingia. Nikamwambia tiketi haikuandikwa na mama yake. Akanikumbusha kwamba Alhamisi nilikuwa natazama dirisha, na kwamba mtu wa namna hiyo hana kura. Shangazi, ambaye alikuwa amejilaza, alisema tu kwamba yeye hagombani na mwenye kompyuta, akavaa koti.

Dereva wa Vienna aliisoma tiketi akacheka, akatuambia turudi kesho saa hiihii.

"Hili angalau bado halijaondoka," Shangazi akasema.

Binamu akamwuliza dereva kama, kwa kuwa tumefika mapema kiasi hicho, tungeweza kuwekewa viti vya mbele.