Waigizaji wetu wanaonekana kila mahali isipokuwa kwenye filamu?

Kuna lawama moja inayorudi kila tukikaa barazani hapa Dar es Salaam kuzungumzia Bongo Movie, yaani filamu zetu za Tanzania: waigizaji wa siku hizi wanaonekana kila mahali isipokuwa kwenye filamu. Leo yuko Sinza anakata utepe wa duka la nguo, kesho yuko kituo cha watoto yatima na katoni za sabuni, Jumamosi yuko kwenye bethidei ya msanii mwenzake, Jumapili ameketi Coco Beach na sahani ya mihogo, na kote huko kuna mtu anampiga picha. "Wanatafuta kiki tu," watu husema, yaani kuzungumziwa tu. Nimefanya kazi ya mavazi kwenye seti za tamthilia kwa miaka kadhaa, nimewaona hawa watu kabla hawajapaka poda. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, ila naona inampiga zaidi yule mwenye uwezo mdogo wa kubadili mambo.

Tuanze na mfuko. Mwigizaji wa kawaida wa tamthilia hulipwa kwa siku au kwa sini. Mwezi huu ataitwa siku sita, mwezi ujao mwandishi amempeleka mhusika wake "safari ya Mwanza" na simu inanyamaza. Hana mshahara, hana likizo ya malipo, na kipande kikirudiwa hewani mara kumi yeye hapati kitu. Enzi za DVD za Kariakoo mambo hayakuwa tofauti sana. Msambazaji alinunua filamu pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja, na hata ikiuzwa mpaka Lubumbashi, aliyecheza alikuwa ameshamalizana nao. Kisha flashi na vibanda vya kunakili filamu vikaimaliza hata hiyo DVD. Chaneli kama Maisha Magic Bongo ya DStv na Sinema Zetu ya Azam ziliinua kazi upya, na nazishukuru, maana nami nimekula humo. Lakini kodi ya nyumba ya Kijitonyama haisubiri mhusika arudi kutoka Mwanza. Mwenye duka la Sinza ndiye anayeilipa. Mwigizaji anapokata utepe, yuko kazini.

Wazee hunijibu kwamba zamani haikuwa hivi, na hapo wana hoja. Katika michezo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa mfano Pwagu na Pwaguzi, nchi nzima ilijua sauti. Sura walizijua wachache. Mtu aliweza kuchekesha taifa jioni na asubuhi akapanga foleni ya basi bila kusumbuliwa. Alipoondoka kwenye maikrofoni aliuvua uhusika akabaki baba wa watu. Leo hakuna pa kuuvulia. Simu iko mkononi mwa kila mtu, na msanii mwenyewe anaogopa wiki ikipita bila kutupia picha. Naikumbuka habari hiyo ya redio kwa wivu kidogo, kwa sababu nimeona inavyomchosha mtu kula bata kwa ajili ya kamera. Nimemvisha dada mmoja gauni la sherehe saa mbili usiku akiwa ametoka seti alfajiri ile, akilala kwenye kiti huku nikimfunga zipu. Picha za usiku ule zilisema anafurahia maisha.

Anayedhani kuonekana sana ni sawa na kupata sana amkumbuke Mzee Majuto. Amri Athumani alikuwa sura inayojulikana kuliko karibu zote, kwenye vichekesho na kwenye matangazo ya biashara. Alipougua mwaka 2018 ndipo wengi tulipojua jinsi mikataba yake ilivyomwachia kidogo. Serikali ikamsaidia kwenda kutibiwa India, na wizara ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, yake ikiwamo. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Kabla yake mwigizaji Sajuki naye alipelekwa India kwa michango ya wasanii wenzake na wananchi, akafariki Januari 2013. Watu walewale tunaowalaumu kwa kupenda kamera ndio waliosimama mbele ya kamera kuomba mchango wa mwenzao. Bila kujulikana, nani angewachangia?

Upande wa pili nao ni mzito, na hapa siwatetei. Nazungumzia misaada. Mwigizaji anaingia wodi ya wazazi na pakiti za nepi, nyuma yake vijana watatu wenye kamera. Mama aliyejifungua jana, kanga imelegea, hajui hata kama anaruhusiwa kukataa. Picha inazunguka mtandaoni miaka na miaka. Mtoto wa kituo cha yatima naye atakua, atakwenda sekondari, na wenzake wataikuta picha yake akipokea unga kutoka kwa mtu maarufu. Hawa hawakuigiza wala hawakusaini popote, na hawalipwi hata kwa siku. Nikiambiwa kwamba picha huvuta wafadhili wengine nakubali, nimeona ikitokea. Kituo kimoja kilipata godoro za kutosha baada ya ziara ya namna hiyo. Lakini picha ya magodoro ingetosha. Sura za watoto zilikuwa za nini? Mwigizaji, ambaye riziki yake yote ni uso, alipaswa kuwa wa kwanza kujua thamani ya uso wa mwenzake.

Siasa nitaipitia haraka. Msanii ana haki ya kuchagua chama kama raia mwingine yeyote, na jukwaa la kampeni hulipa. Ila kila uchaguzi mkuu tunaona mtu akivaa sare leo na mashabiki wa upande wa pili wakimhama kesho, na chama hakimrudishii watazamaji hao.

Harakati niliyoiamini zaidi ilikuwa ile ya Aprili 2017, waigizaji walipoandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa kiholela. Wapo waliowazomea, wakisema watengeneze filamu nzuri kwanza. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi, kwani mtazamaji halazimishwi kupenda. Hata hivyo, kwa siku chache sura hizo zilizozoea kuuza sabuni za watu zilizungumzia kazi yao zenyewe. Natamani nguvu ile ingeelekezwa kwenye mikataba, kwenye malipo ya marudio na bima ya afya. Huko hakuna utepe wa kukata, na mkutano wa kusoma vifungu vya mkataba haupendezi kwenye picha.

Nina dada mmoja wa kwenye fani, sitamtaja, ambaye mwaka jana aliamua kubadilika. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akipeleka taulo za kike kwenye shule moja ya Mbagala, anamkabidhi mwalimu wa malezi, anapanda daladala anarudi. Hakuna picha. Sherehe nazo akazipunguza, akawa anashinda nyumbani akisoma skripti na kulala usingizi wa kweli. Kwenye seti nilimwona amekuwa bora. Sini ya msiba aliimaliza kwa teki moja, na mpiga picha akaomba dakika mbili atoke nje.

Msimu mpya ulipoanza kupangwa, nafasi kubwa aliyoitegemea ilikwenda kwa mwingine. Prodyuza alimpigia mwenyewe kumweleza, kwa upole kabisa: "Dada, kazi yako naijua. Ila wadhamini wanauliza, mbona siku hizi huonekani?"

Mwezi uliofuata alinipigia kuuliza kama lile gauni la kijani la sherehe bado ninalo.