Joto azima kwa kituo, mvua pima mwenyewe

Mtu anayeunganisha taima ya bustani, yaani saa inayofungua na kufunga vali za maji ya kumwagilia, na taarifa za hali ya hewa za intaneti mara nyingi anataka jambo moja tu: vali zisifunguke mvua ikishanyesha. Ajabu ni kwamba mvua ndiyo taarifa ambayo mfumo huu huikosea zaidi. Joto, unyevu wa hewa na mwanga wa jua havibadiliki sana ndani ya kilomita chache, ilimradi hakuna mlima au ziwa katikati. Mvua haina adabu hiyo. Wingu la mchana hulowesha mtaa mmoja likauacha wa pili na vumbi lake, na kituo cha hali ya hewa kilicho kilomita 10 kutoka kwako kikaandika milimita 15 ambazo wewe hukuona hata tone. Tena taarifa nyingi za bure kwenye intaneti wala hazitoki kituoni. Ni makadirio ya kompyuta kwa mraba wa ardhi wenye upana wa kilomita 9 hadi 25.

Hata hivyo, wanaoutetea mfumo wana hoja nzito, nayo iko kwenye hesabu. Mwaka 1998 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilichapisha mwongozo unaopendekeza kanuni ya Penman-Monteith, inayokadiria maji ambayo nyasi zilizostawi hupoteza hewani kwa siku. Kila zao lina kizidishio chake. Nyanya zilizofikia ukubwa wake ni 1.15. Tuseme jua ni kali na kanuni inatoa milimita 5; kwa nyanya hizo ni 5.75. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo tuta la mita 20 za mraba linadai lita 115. Mpira wa matone wenye matundu 40, kila tundu lita 2 kwa saa, utamaliza deni hilo kwa dakika 86 hivi. Siku ya mawingu kanuni ikishuka hadi milimita 2.5, dakika 43 zinatosha. Taima isiyojua lolote itamwaga dakika 86 siku zote mbili, na maji ya ziada yatateremka chini ya mizizi yakiwa yamebeba mbolea.

Wasioutaka watakwambia kidole kikizamishwa kwenye udongo kinatosha. Kweli, kidole hupima kilichopo, hakikadirii. Shida ni kwamba mwenye kidole akisafiri anaondoka nacho. Hoja yao ninayoiheshimu ni nyingine: kanuni inaweza kukupa dakika kamili, lakini nani amepima mpira wake? Tundu lililozibwa na chokaa halitoi lita 2. Weka kikopo chini yake kwa dakika 6, zidisha kwa 10, ndipo ujue. Na tuta lililo kivulini mwa ukuta nusu ya siku halipati jua lile lililoingizwa kwenye kanuni.

Halafu kuna utabiri. Je, taima iache kumwagilia kwa sababu kesho mvua inatarajiwa? Jibu liko ardhini kuliko angani. Udongo wa kichanga hushika milimita 50 hadi 110 za maji yanayofaa mmea kwa kila mita ya kina. Tifutifu 130 hadi 180. Miche yenye mizizi ya sentimita 10 kwenye mchanga ina akiba ya milimita 8 hivi, na ikishatumia nusu huanza kuteseka. Nusu hiyo haimalizi siku moja ya jua kali. Kwa miche, basi, utabiri usipewe ruhusa ya kufunga vali. Miti ya matunda yenye mizizi mirefu inaweza kungoja siku mbili tatu bila kunyauka, na mvua isipokuja hakuna kilichoharibika.

Mimi nachukua joto, jua na upepo kutoka mbali, mvua naipima bustanini. Kipima mvua cha kikombe kinachopinduka kila milimita 0.2 kinatosha, mradi kisiwe chini ya mti na faneli yake isizibwe na majani. Mvua chini ya milimita 2 siihesabu; nyingi huishia kwenye majani. Programu inayoiongoza taima nayo iweke daftari la deni na malipo ya kila siku: maji yaliyopotea upande mmoja, mvua na umwagiliaji upande wa pili. Zile zinazopandisha na kushusha dakika kwa asilimia kwa kuangalia jana tu hazikumbuki mvua kubwa ya juzi.

Na kabla ya kuikabidhi taima bustani yako, ikatie intaneti siku tatu ukiwa bado nyumbani. Taima nyingine hurudi kwenye dakika za msingi, nyingine hung'ang'ania uamuzi wa mwisho zilioupokea. Kama uamuzi huo ulikuwa "mvua imenyesha, pumzika", utaona miche imelala.