Jalen Hurts alipopokonywa namba: haki ya kocha na deni lake

Tarehe 8 Januari 2018, katika uwanja wa Mercedes-Benz jijini Atlanta, Alabama na Georgia walikuwa muda wa nyongeza katika fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa tayari asubuhi ya tarehe 9. Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii anayerusha kwa mkono wa kushoto, alikuwa ametoka kuangushwa na kurudishwa nyuma yadi 16. Mpira uliofuata akaurusha mbali, ukamkuta DeVonta Smith amewaacha mabeki. Yadi 41, mchezo umekwisha, 26 kwa 23. Benchi la Alabama likamwagika uwanjani. Miongoni mwa waliokuwa wakishangilia alikuwamo Jalen Hurts, miaka 19, jezi namba 2 mgongoni. Jezi alikuwa nayo bado. Namba yake kikosini ilikuwa imekwenda tangu mapumziko, kocha Nick Saban alipoamua nusu ya pili aanze Tua.

Tangu siku ile watu wanagombana kuhusu Hurts, na ugomvi una mafundo mawili. La kwanza ni kama Saban alimtendea haki. La pili ni kama Hurts alifanya vyema kubaki Alabama mwaka mzima akiwa msaidizi, kisha akaondoka. Nimewasikiliza wa pande zote, na naona wengi hukata hukumu moja kwa mafundo yote mawili. Mimi nayafungua moja moja.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: kwotabeki ndiye anayeanza na mpira mkononi karibu kila shambulizi. Anaamua aurushe kwa mwenzake aliye mbele, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Uwanjani huwa mmoja tu. Winga wa soka akipokonywa namba anaweza kuhamishiwa upande wa pili; kwotabeki akipokonywa, anasugua benchi.

Wanaomtetea Saban wana hesabu mkononi. Nusu ya kwanza ya fainali ile Hurts alirusha mipira 8, ikafika 3, yadi 21 kwa jumla, na Georgia walikuwa mbele 13 kwa 0. Wala halikuwa jambo la usiku mmoja. Mwaka mmoja nyuma, katika fainali ya Januari 2017 mjini Tampa dhidi ya Clemson, alifikisha pasi 13 kati ya 31. Novemba 2017 Alabama walipigwa na Auburn 26 kwa 14. Timu kubwa zilikuwa zimeshamsoma: mzuieni asikimbie, mlazimisheni arushe. Kocha akiliona hilo halafu akanyamaza kwa kumwonea huruma kijana mmoja, anawanyima haki wengine wote kikosini, na humo wamo wa mwaka wa mwisho ambao hawatapata fainali nyingine maishani. Tua aliingia, akafikisha pasi 14 kati ya 24 na kutoa tachidauni 3, yaani mara 3 pasi yake ilizaa bao katika eneo la mwisho la wapinzani. Moja ya pasi zake ilinaswa na Georgia, lakini kocha hakumtoa.

Upande wa Hurts nao hauna hesabu ndogo. Alikuwa ameanza mechi 28 akiwa na Alabama na kupoteza 2 tu. Alianza kucheza mwaka 2016 akiwa kijana wa miaka 18 kutoka Channelview, Texas, mtoto wa kocha wa shule ya sekondari. Mpira wake wa kwanza kabisa, dhidi ya USC, ulimponyoka. Hakutetereka, Alabama walishinda 52 kwa 6, na msimu ulipokwisha alikuwa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi ya SEC, ile ya vyuo vya kusini wanamocheza Alabama, Georgia na Auburn. Fainali ile ya Tampa anayolaumiwa kwayo, zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 7, alikimbia yadi 30 peke yake na kuipa Alabama uongozi wa 31 kwa 28. Clemson wakafunga ikiwa imebaki sekunde 1. Kwa dakika mbili hivi alikuwa anaelekea kuwa bingwa wa taifa katika mwaka wake wa kwanza.

Kuna jambo ambalo watetezi wa kocha hulipita haraka, nami nataka tulitazame. Kama tatizo la Hurts lilikuwa kurusha, nani alikuwa akimfundisha kurusha? Wiki moja kabla ya fainali ya Tampa, Lane Kiffin aliyekuwa akipanga mashambulizi aliondoka. Alikuwa ameshapata ukocha mkuu wa chuo cha Florida Atlantic. Steve Sarkisian akasimamia mechi ile moja, akaenda Atlanta Falcons, timu ya kulipwa. Akaja Brian Daboll, akakaa msimu mmoja, akaenda Buffalo Bills, nayo timu ya kulipwa. Msimu wa 2018 akashika Mike Locksley, naye ulipokwisha akawa kocha mkuu wa chuo cha Maryland. Kijana aliyehitaji mkono mmoja wa kumlea alibadilishiwa mwalimu kila mwaka, na kila mwalimu alikuja na lugha yake na daftari lake la mbinu. Kisha tunamuuliza kwa nini hakukua.

Hata hivyo, katika fundo la kwanza niko na Saban. Usiku ule ulimhitaji mtu wa kurusha, na mtu huyo alikuwapo benchini. Hurts mwenyewe alionyesha kulielewa hilo. Hakuna aliyemwona akinuna.

Deni la kocha limeanzia baadaye. Kuanzia Januari hadi Agosti 2018 kila mtu Alabama alijua kwamba namba moja wa kesho ni Tua, lakini halikusemwa wazi. Baba yake Hurts aliwaambia waandishi kwamba mwanawe asipoanza, watatafuta kwingine, na maneno hayo yakatembea nchi nzima. Mwanzoni mwa Agosti Hurts mwenyewe alisimama mbele ya waandishi na kusema kwa upole, bila kumtaja mtu, kwamba majira yote yale hakuna aliyemfuata kumuuliza anajisikiaje, makocha wakiwamo. Haya yalimhusu kijana aliyewashindia mechi 26. Mashindano ya namba yawe wazi, sawa. Lakini kumkalisha mtu mezani kwa nusu saa na kumwambia anasimama wapi hakuharibu mashindano yoyote. Kumtoa ulikuwa uamuzi wa mpira. Kumwacha miezi saba akisoma alama za nyakati ni kukosa utu, na hapo utetezi wa "kocha anatafuta ushindi" haufiki.

Sasa fundo la pili. Mwaka 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilileta kanuni mpya: mchezaji akicheza mechi zisizozidi 4, msimu huo hauhesabiwi katika misimu minne anayoruhusiwa kucheza chuoni. Mlango ulikuwa wazi. Hurts angecheza mechi 4, akavua jezi, akahama na misimu miwili mkononi.

Kelly Bryant alifanya hivyo. Huyu alikuwa kwotabeki wa Clemson, yuleyule aliyefungwa na Hurts 24 kwa 6 katika nusu fainali siku 7 kabla ya usiku wa Atlanta. Septemba 2018 alipokonywa namba na Trevor Lawrence, akaondoka baada ya mechi ya nne, akaenda Missouri. Jumamosi iliyofuata, tarehe 29 Septemba, Lawrence aliumia dhidi ya Syracuse, na Clemson wakanusurika 27 kwa 23 wakiwa na kwotabeki ambaye wiki moja nyuma alikuwa wa tatu. Jumamosi hiyohiyo kule Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, Hurts aliingia uwanjani kwa mechi ya tano. Mashabiki walisimama kumshangilia, maana kila aliyeijua kanuni alijua amejifungia mlango mwenyewe.

Hapo ndipo hadithi ilipoanza kupambwa. Bryant akawa msaliti, Hurts akawa mfano wa uaminifu. Mimi siikubali picha hiyo. Bryant alikuwa na msimu mmoja wa mwisho na akataka kuucheza. Anayemlaumu aniambie angemlipa nini kwa kukaa. Tena Hurts hakubaki kwa kufumba macho. Alikuwa karibu kumaliza shahada. Aliingia chuoni Januari 2016 na akahitimu Desemba 2018, chini ya miaka mitatu, huku akicheza fainali mbili na kufanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu. Kanuni za wakati ule zilimtaka mchezaji asiyehitimu akihama akae nje mwaka mzima. Aliyehitimu aliruhusiwa kucheza papo hapo. Kubaki kwake kulikuwa na moyo ndani yake, nami nauheshimu moyo huo, ila kulikuwa na hesabu pia.

Tarehe 1 Desemba 2018, fainali ya SEC. Uwanja uleule wa Atlanta, wapinzani walewale wa Georgia. Georgia waliongoza 28 kwa 14. Robo ya nne, Alabama wakiwa nyuma 28 kwa 21, Tua akaumia kifundo cha mguu na kutolewa akiwa ameshikiliwa. Hurts akavaa kofia yake. Alifikisha pasi 7 kati ya 9, moja ikamfikia Jerry Jeudy kwa tachidauni ya kusawazisha. Georgia wakajaribu ujanja: walijipanga kama wanaotaka kupiga mpira mbele, kumbe wamemwingiza kwotabeki wao msaidizi, Justin Fields, akimbie nao. Wakamzima. Hurts akaipeleka timu mbele, na ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 4 akaona upenyo, akachomoka yadi 15 hadi ndani. Ukimtazama katika picha za tukio lile, anakimbia akiwa wima, mpira ameukumbatia kwa mkono mmoja, bila madoido. 35 kwa 28. Saban alihojiwa pale uwanjani machozi yakimlenga. Sijui kocha mwingine aliyewahi kulipiwa deni lake na yule anayemdai.

Wanaopinga uhamaji wa wachezaji hutumia usiku huo kama fimbo. Wanasema: tazameni, angehama Septemba yasingetokea haya. Ni kweli, yasingetokea. Na nakiri kuna kitu kinachopotea wachezaji wakihama kila msimu. Timu haijengeki, kijana hajifunzi kusubiri, masomo yanakatika njiani na vyeti havipatikani. Tangu 2021, NCAA iliporuhusu mchezaji kuhama mara moja bila kukaa nje na kulipwa kwa kutumia jina lake, dirisha la vyuo limefanana na la usajili wa klabu za kulipwa. Anayehuzunika kwa hilo ana sababu.

Lakini ulizeni upande wa pili. Kiffin, Sarkisian, Daboll, Locksley: wote wanne waliondoka, na hakuna aliyekaa nje mwaka mmoja. Lincoln Riley, kocha aliyempokea Hurts alipohamia chuo cha Oklahoma, naye alihamia USC mwishoni mwa 2021. Makocha walilipwa mamilioni ya dola. Hurts, aliyejaza viwanja, hakuruhusiwa kupokea hata senti kwa jina lake. Uaminifu unaodaiwa kwa mdogo tu na mkubwa akasamehewa mimi siutambui. Ndiyo maana nashukuru kanuni zimebadilika, hata kama mabadiliko yamekuja na fujo.

Hurts alikwenda Oklahoma Januari 2019. Mechi ya kwanza dhidi ya Houston alifikisha pasi 20 kati ya 23 kwa yadi 332, na kukimbia yadi 176. Msimu mzima alirusha yadi 3,851 na tachidauni 32, akakimbia yadi 1,298 na kufunga tachidauni 20. Dhidi ya Baylor timu yake ilikuwa nyuma 28 kwa 3, ikashinda 34 kwa 31. Wenye shaka wanasema ni mfumo wa Riley, maana waliomtangulia, Baker Mayfield na Kyler Murray, wote walihamia pale kutoka kwingine na wote walitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, 2017 na 2018. Hoja hiyo ina uzito. Nami nauliza: kama mfumo mzuri na mwalimu mmoja kwa msimu mzima vilitosha kumwonyesha arushavyo, basi zile pasi 3 kati ya 8 zilikuwa za Hurts peke yake?

Desemba 2019 waliofika hatua ya mwisho ya Heisman walikuwa wanne. Watatu walikuwa makwotabeki na wote watatu walikuwa wamehama: Joe Burrow kutoka Ohio State kwenda LSU, Hurts, na Fields yule wa Georgia, sasa wa Ohio State. Burrow alishinda, Hurts akawa wa pili.

Wiki mbili baadaye walikutana uwanjani. Tarehe 28 Desemba, Atlanta, Mercedes-Benz kwa mara nyingine. Burrow alitoa pasi 7 za tachidauni kabla ya mapumziko. LSU 63, Oklahoma 28.  Ilikuwa mechi ya mwisho ya Hurts katika maisha yake ya chuo.

Wapo wanaosema ubingwa wake wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, wa Februari 2025 akiwa na Philadelphia Eagles umemaliza ubishi. Haujamaliza, kwa sababu ubishi haukuwa kama anajua kucheza. Ulikuwa juu ya mtu kudaiwa nini na nani. Ya chuoni yahesabiwe kwa ya chuoni: mechi 42 alizoanza, ushindi 38, kufungwa 4. Katika ushindi huo 38 umo wa tarehe 8 Januari 2018, kwa kuwa ndiye aliyeanza.